Samaki umemvua wapi: ni lazima useme?

Ndoano Saba, Moshi: Wakuu, Jumapili niliweka picha ya sato saba niliowavua kwa ndoano bwawa la Nyumba ya Mungu. Mkauliza upande gani, nikajibu "bwawani". Hadi usiku nimeshaitwa mchoyo, na mmoja akaandika kwamba bwawa si shamba la baba yangu. Tuliongee basi. Chambo nitakutajia, saa nitakutajia, hata unene wa mshipi. Ghuba sitaji. Mwaka juzi nilitaja na ramani nikaweka. Nimerudi baada ya wiki tatu, kokoro, ule wavu wa kukokota, limetandazwa palepale, na ndoo imejaa vifaranga vya urefu wa kidole. Sijui kama walisoma kwangu, lakini roho iliniuma.

Mama Lang'ata: Sato gani, mwanangu? Hao ni perege. Sato ni wa Ziwa Victoria. Nimekaanga samaki wa bwawa hili tangu wanangu wakiwa mgongoni, leo mtu wa wikiendi anibadilishie jina?

Kijana wa Boma: Mimi nipo na Ndoano. Chemchemi ya Chemka tuliijua kabla ya picha za mtandaoni. Tulikuwa tunaoga wenyewe, maji yanaonekana hadi chini. Sasa nenda Jumamosi uone kama utapata pa kuweka nguo.

Uzi wa Kahe: Chemka watu wanaenda kuogelea, usituchanganyie mada. Kokoro ni haramu, sawa, ila mwenye kokoro hahitaji ramani yako. Kazaliwa pale, analijua bwawa usiku na mchana. Swali ni nani anamkamata. Na nyie mnaompiga samaki picha kisha mnamrudisha majini mdomo umechanika, msitufundishe uhifadhi.

Ndoano Saba, Moshi: Nani kakwambia narudisha? Wote saba tumekula nyumbani, na jirani alipata. Usinitukane kwa jambo usilolijua. Mama Lang'ata, shikamoo. Aliyeniambia ni sato ni mvuvi wa hapohapo, mwenye mtumbwi wake.

Mama Lang'ata: Marahaba. Huyo alitaka umlipe vizuri.

Mangi wa Kiborloni: Hapo Mama umegusa penyewe. Perege wa bwawa akifika mjini anaitwa sato wa Mwanza, bei inapanda. Nimeuziwa hivyo zaidi ya mara moja.

Mama Lang'ata: Siyo kwangu, Mangi. Mimi nauza perege kwa jina la perege. Ndiyo maana nimeumia.

Mwana wa Jipe: Jina si jambo dogo, jamani. Ziwa Jipe na mto Pangani wana perege wao wasiopatikana kwingine duniani, na wapo hatarini kabisa kutoweka. Ziwa Chala nalo lina wake. Sato tunayemsifu hata Victoria ni mgeni, alipandikizwa miaka ya 1950. Huku kwetu ameingia, na hawa samaki huzaliana kirahisi na perege. Tukiwaita wote sato, siku perege akiisha nani atajua?

Uzi wa Kahe: Kwa hiyo swali langu la kokoro hakuna anayelijibu.

Dada Tengeru: Turudi kwenye mada. Ghuba msitaje kama hamtaki, lakini hatari tajeni. Kaka yangu alielekezwa "fuata matete", basi. Akaingia maji ya magoti kunasua ndoano, mwenye mtumbwi akampigia kelele atoke: mamba. Aliyemwelekeza alijua, ila aliogopa kutoa siri yake. Mimi huyo sijamsamehe.

Kijana wa Boma: Pole sana, dada. Ni matete ya upande gani?

Dada Tengeru: Upande wa Simanjiro. Na sitanyamaza kwa sababu ya samaki wa mtu.

Ndoano Saba, Moshi: Hilo nakubali, dada. Mamba nitataja kuanzia leo.

Mwana wa Jipe: Ndoano, kabla hujaondoka, ile picha ikuze uangalie mikia. Sato ana mistari ya kusimama mkia mzima.

Ndoano Saba, Moshi: Nimekuza. Wawili wana mistari. Watano hawana.

Mama Lang'ata: Hao watano ni perege. Andika upya.