Tofauti kati ya "insult", "slander" na "libel"

Swali: Wanajamvi, naomba kueleweshwa maneno haya ya Kiingereza, kwani kamusi nyingi huyarundika pamoja kama matusi au kashfa.

Jibu: "Insult" ni tusi, hata likitamkwa ana kwa ana pasipo shahidi. Ukimwita mtu mjinga umemtukana; ukimzushia kwa majirani zake kwamba ni mwizi, umemharibia jina, na hapo ndipo yanapoingia hayo mengine mawili.

Jibu: Naam, na tofauti yake ni nzito. "Slander" hutamkwa kwa mdomo, na kwa kawaida mdai hulazimika kuthibitisha hasara aliyoipata. "Libel" hudumu, kama maandishi, ingawa sheria ya Uingereza huyahesabu humo hata maneno yanayotangazwa redioni.

Jibu: Uskoti, hata hivyo, haiyatenganishi kisheria.