Mwanzo wa muvi ya taharuki: hatari ionekane mapema, katikati, au isionekane kabisa?

MzeeWaKamera:
Wakuu, naandaa filamu fupi ya dakika 12 na mwanzo wake unaninyima usingizi. Nimerudia kutazama mianzo ya Touch of Evil (1958), Jaws (1975) na Inglourious Basterds (2009). Yote inakaba koo, kila mmoja kwa njia yake. Kwa bajeti ya kuungaunga, nyie mngeshika njia ipi?

Mwanakombo:
Touch of Evil, sisiti. Kinachoonekana kwanza ni mikono ikitega saa ya bomu. Jamaa analitia kwenye buti la gari la wazi, anatokomea. Mwenye gari na mwanamke wake wanapanda, hawana habari. Kuanzia hapo mwongozaji Orson Welles hakati kamera kwa zaidi ya dakika 3. Gari linasimama kupisha watu, linakwama kwa sababu ya mbuzi, na kila mara Vargas, mhusika mkuu, na mkewe, waliotoka kutembea kwa miguu, wanajikuta ubavuni mwake. Unatamani uwapigie kelele wakimbie! Pale kizuizini mpakani yule mwanamke anamwambia askari kwamba anasikia mlio wa saa kichwani. Hakuna anayemjali. Siri yote tumepewa mwanzoni kabisa, kazi yetu ni kuhesabu.

Kifaru_Mpole:
Mimi naenda na Tarantino, yule wa Inglourious Basterds. Ufaransa, 1941. Kanali Landa, Mnazi anayewasaka Wayahudi, anaingia nyumbani kwa mkulima, anaomba maziwa, anatoa makaratasi yake, adabu tupu. Mazungumzo yameshakolea ndipo kamera inateremka chini ya sakafu na kutuonyesha familia ya Kiyahudi imelala kimya, mikono mdomoni. Hapo ndipo unaanza kuyapima upya yote uliyoyasikia. Hata lile ombi lake la kuacha Kifaransa waongee Kiingereza lina sababu: waliojificha hawakijui. Na mkuu, kwa bajeti yako hii ndiyo njia: meza moja, watu wawili. Ila wawe waigizaji kweli, wasipokuwa moto hakuna kitu.

Nahodha77:
Msiidharau Jaws. Msichana anaogelea usiku, kijana aliyekuwa naye amelewa, kalala mchangani. Msichana anavutwa chini mara moja, anatulia, kisha anaburuzwa huku na huku. Papa haonekani hata pezi. Papa wa mashine alikuwa anaharibika ovyo kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo katika sehemu kubwa ya filamu mwongozaji Spielberg alilazimika kumficha, na filamu ikanufaika. Lakini kwa dakika 12 sikushauri. Ukificha hatari lazima uje ulipe, yaani uionyeshe baadaye, na wewe muda wa kulipa huna.

Mwanakombo:
Hapo kwenye kulipa nakuunga mkono. Na MzeeWaKamera, chunga sauti. Toleo la 1998 la Touch of Evil liliondoa majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini uliofunika ule mwanzo. Badala yake unasikia miziki ya mabaa na redio ya lile gari. Redio ikisogea, unajua bomu linasogea. Tuliokulia mabanda ya video tunaijua nguvu hiyo: mtafsiri akitutonya kwamba huyu hamalizi usiku, banda zima linanyamaza hata kama kwenye skrini mtu anakunywa chai tu.

MzeeWaKamera:
Nimewasoma. Hadithi yangu ni ya kondakta wa daladala anayekuta begi limeachwa chini ya siti ya nyuma. Nilipanga aanze yeye kuliona.

Kifaru_Mpole:
Hapana mkuu, tulione sisi kwanza. Mwenye begi alisukume kwa mguu, ashuke, gari liondoke. Kisha mwache kondakta akusanye nauli akianzia mbele, abiria mmoja mmoja, huku wengine wakibishana chenji. Usikate mpaka afike siti ya nyuma.