BALE BA TENTI YA LUKSI MU PORI: MULITUWEKEA MBABULA YA MAKALA NDANI, BATOTO BETU KARIBU BAFE

Batu ya Lubumbashi, ba mama na ba papa, musome hii mpaka mwisho, zaidi sana kama ulishapanga kupeleka familia mu pori hii kipindi ya baridi. Jina ya kampuni siitaji, beko banajijua, na najua beko hapa kila siku banabandika mapicha.

Tulienda wikendi ya 30 juni. Bwana yangu, miye, na batoto tatu, wa mwisho iko na myaka 4. Tulilipa dola 180 kwa usiku moja, kwa telefone, mbele hata ya kuona kitu. Picha ilikuwa nzuri: ile tenti kubwa ya duara ya Bulaya, ya koton nzito, nguzo moja katikati, kwa mbali inafanana na kengele, metre 5 upande kwa upande, matandiko meupe, mikeka, matara. Kilometa karibu 40 toka mujini, mu miti ya miombo, pembeni ya kichuguu moja kubwa kama nyumba. Pale mahali ni pazuri, sikatai, batoto balipandapanda kichuguu mpaka jua ikaingia.

Lakini kuingia tu ndani nikasikia arufu ya nguo yenye balisahau mu ndoo. Nikainua pembe ya kitambaa: madoa meusi, madogo madogo, toka chini mpaka kimo ya magoti. Ukungu. Koton ukiikunja na mayi ndani, siku mbili tatu inaanza kuharibika, kila mwenye tenti ya namna hii anapaswa kujua. Hii balikunja mu avril, mvua ya mwisho ingali inanyesha, kijana wa kazi mwenyewe alituambia bila haya. Basi koton ikachoka ikaanza kuvuya, na dawa yao ikawa nini? Balifunika kichwa yote ya tenti na bashe ya plastiki ya buluu, balikaza na mipira ya baiskeli. Dola 180! Nikafikiri ni uchafu tu, nikanyamaza juu ya batoto, balikuwa na furaha.

Sasa musikie vizuri hapa. Kule juu, karibu na ncha ya nguzo, tenti ya hivi iko na matundu ya hewa, na kafileti ya kuzuia badudu. Hewa ya moto inapanda, inatokea pale. Ile bashe ilikuwa imeziba yote, hakuna hata moja lilibakia wazi.

Baridi ya kwetu ya juni munaijua. Kisha kula, kijana akaleta mbabula, makala imewaka muzuri, nyekundu, hakuna moshi hata kidogo, akaiweka katikati karibu na nguzo, eti «mama, hii ni shofaje yenu, ilishalipwa». Nikauliza, si itatuletea mubaya? Juu kwetu kila mama anasemaka usilale na mbabula mu nyumba yenye kufungwa, hakuna mutu hapa hajasikia hiyo. Akapiga kwa patron wake, patron akanijibu yeye mwenyewe mu telefone: «Hapana mama, hii ni koton, inapumua, kila mutu analalaka hivyo.» Nikamuamini. Tukafunga zipu mpaka chini juu ya baridi.

Usiku katikati binti yangu mukubwa, myaka 9, alitaka kwenda kukojoa. Nilisikia tu kitu inaanguka. Alikuwa ameanguka pa mulango, magoti imekataa kumubeba, anatapika bukari yote, analia kichwa, kichwa. Nikataka kusimama, na miye tenti ikazunguka. Bwana yangu nilimuita, nilimutikisa, nikamupiga makofi mu uso makofi ya kweli, akafungua macho hajui eko wapi. Wa mwisho alikuwa amelegea kama nguo ya mayi. Zipu ilikwama, nilivuta na meno. Nilivuta batoto moja moja inje, nikabalaza chini mu majani yenye umande, baridi inakata, na ile mbabula ndani ingali nyekundu, nzuri kuangalia, bila moshi.

Santinele akatuambia eti ni malaria. Malaria ya batu tano saa moja?

Tulifika mujini alfajiri. Kule tulipotibiwa balituwekea oksijeni ya maski, wa mwisho ilibaki naye masaa mingi. Infirmiye akatufasiria: ile hewa ya makala ni monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina arufu, ikiingia mu damu inakamata nafasi ya oksijeni, inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni yenyewe. Mutu analala, hakohoi, hasikii kitu, haamuki. Na moshi kuisha si alama ya kwamba hatari imeisha, makala nyekundu inaendelea kuitoa tu. Akasema kama mutoto hangeamuka kukojoa… sitamalizia.

Nikarudia patron. Musikie jibu: «Mama, ni nyie munafunga zipu.» Kisha akanipa eti punguzo ya 20% safari ya pili. Safari ya pili ya wapi? Kwa makaburi?

Na ile maneno ya «koton inapumua» minataka imalizike leo. Ndiyo, koton inapitisha mvuke ya miili ya batu, ni kweli. Lakini ikishika umande nyuzi zinavimba zinabanana, hivi njo inazuiaka mvua. Usiku tenti yote ilikuwa imelowa kwa inje. Na hata ikauke kabisa, hakuna kitambaa itakutoshea hewa ya mbabula nzima juu ya batu tano benye kulala, na plastiki juu ya kichwa yao.

Usiku ule wa pili nilikosa usingizi nikasomasoma. Tenti ya hivi si kitu ya leo. Askari moja wa Marekani, Henry Hopkins Sibley, alipewa hati ya uvumbuzi ya tenti yake ya nguzo moja mu 1856, na akafanya na jiko yake: ya chuma, na bomba inayotosha moshi na hewa yote inje. Mu 1856! Na leo hivi, mwenye anataka moto ndani ya tenti ya koton anaweka jiko yenye bomba na tundu yake mu kitambaa, yenye kuzungushwa na kitu isiyounguaka. Nyie muko na telefone, muko na mapicha mazuri, mbabula ya soko njo muliona inatosha.

Minaomba vitatu, na sitanyamaza. Mutoshe bashe leo. Mbabula isiingie tena mu tenti hata moja, batu bapewe blanketi ya kutosha na chupa ya mayi ya moto, moto ibakie inje. Na munirudishie pesa yangu yote pamoja na ya matibabu, resi zote niko nazo.

Kuko mutu mwengine alilala kule akaamuka na kichwa inauma, akatapika, akafikiri ni chakula? Uandike hapa chini, hata bila jina. Kijana wa kazi aliniambia jumamosi hii kuko kikundi ingine, batoto 12 ya komunyo. Kama ni batoto yako, piga simu yao sasa, usingoje kesho.