Naomba ushauri: slemu kwa bridji, tuulize esi kwanza ama tuonyeshane kontroli?

Wadau habari zenu, mimi na patna wangu tunacheza bridji (ule mchezo wa karata) hapa Parklands na slemu, yaani kuahidi mikono 12 ama yote 13, zinatusumbua sana. Juzi alikuwa na shupaza AKQ742, kopa 83, uru KQ5, pau A6, akafungua 1 shupaza. Mimi nilikuwa na J965, Q7, AJ84, K93 kwa mpangilio huo huo, nikamwinua 3 shupaza, na yule bwana hata hakupumua, 4 NT (bila turufu) hapo hapo, yaani ananiuliza esi! Tunatumia Blackwood (hilo swali la esi) yenye majibu ya mtindo wa 1430 so nikajibu 5 pau, yaani esi moja ama nne ukihesabu na kingi ya turufu, akaenda 6 shupaza. Wapinzani wakavuta kingi na esi ya kopa chap chap, turufu kumi kati yetu na bado tumeanguka.

Mimi naona angeonyesha kontroli (rangi ambayo wapinzani hawawezi kuvuta mikono miwili ya kwanza) kwa kusema 4 pau kwanza, nijibu 4 uru, arudi 4 shupaza kuonyesha kopa hana kitu, hapo nanyamaza. Yeye anadai hiyo ni kuwapa wapinzani habari ya bure (ukaidi tu, kama mnaniuliza).

Sasa nyinyi kontroli mnaonyesha esi peke yake ama hata kingi na karata moja pekee? Na ukiwa mtupu kabisa kwa rangi fulani, mnauliza esi aje?