Wakuu, godoro limechimbika mwaka wa pili tu. Safari hii nichukue lipi?

Kibonge wa Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Nina godoro la sponji, tano kwa sita, inchi nane. Muuzaji aliapa litakaa miaka kumi. Huu mwaka wa pili, upande wangu pamekuwa bonde. Mimi kilo 96, mama watoto 58, kwa hiyo usiku kucha anabingirika kuja kwangu, wala si kwa mapenzi. Asubuhi kiuno kimekaza mpaka nishike ukuta ndipo nisimame. Naambiwa nitafute godoro gumu kama ubao, eti ndiyo dawa ya mgongo. Nina laki tatu na nusu. Naombeni ushauri.

Mama Pacha:
Pole mkuu. Hiyo ya ubao achana nayo, hata mimi nilidanganyika. Mimi hulalia ubavu, nikawa naamka na ganzi begani. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno: waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko wa lile gumu. Wewe unalalaje? Wa ubavu anataka juu pabonyee kidogo, bega na nyonga zipate pa kuzama. Anayelalia tumbo ndiye wa gumu.

Kibonge wa Mbagala:
Chali. Na nakoroma.

Fundi Chaga:
Chali basi wastani unakutosha, ila kwa kilo zako uelekee kwenye ugumu kidogo. Lakini kabla hujalilaumu godoro, linyanyue. Chaga ziko ngapi?

Kibonge wa Mbagala:
Nimelinyanyua sasa hivi. Sita. Kati ya moja na nyingine kandambili yangu inalala yote kwa urefu. Na moja ina ufa, upande wangu.

Fundi Chaga:
Umeona! Hata ukileta jipya litachimbika hapohapo. Ongeza chaga, nafasi isizidi vidole vinne, na katikati uweke mhimili wenye mguu unaogusa sakafu.

Babu Sponji:
Dukani usibonyeze kwa kiganja ukasema "hili zuri". Ugumu ni kitu kingine, densiti ni kitu kingine. Densiti ni kilo za sponji kwenye mita moja ya ujazo, na ndiyo inayoamua litadumu au la. Hilo la tano kwa sita inchi nane lina kama mita za ujazo 0.57. Likiwa densiti 30 litapima kilo 17 hivi. Ukikuta la kilo 9, hiyo ni densiti 16, hilo kwako ni la chumba cha wageni. Panda mizani umelibeba, kisha toa kilo zako. Ila wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili lipime zito, kwa hiyo likandamize pia kwa goti uone linarudi upesi au linajivuta.

Mama Pacha:
Na ile nailoni ya dukani mliivua?

Kibonge wa Mbagala:
Bado ipo. Mama watoto anasema ni kwa ajili ya mtoto anayekojoa.

Mama Pacha:
Jasho la Dar lote mnalifungia humo! Ivueni, mtandike mpira chini ya shuka upande wa mtoto tu.

Kibonge wa Mbagala:
Sawa, kesho naanza na chaga. Hiyo ya kupanda mizani na godoro kichwani sijui, Mbagala nzima itanijua.