Gemu ya watoto kuhusu wanyama na anga za juu: nifanyeje ili burudani isipotoshe sayansi?

Mchora_Gemu aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu ya kompyuta kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, kwa lengo la kuwaonyesha jinsi maumbile ya wanyama yanavyowawezesha kuhimili mazingira magumu. Mchezaji huchagua mnyama, humpeleka anga za juu, na kila anapokutana na tatizo huingia dukani na kununua, kwa nyota alizokusanya, kiungo au uwezo wa mnyama mwingine: manyoya ya dubu kwa ajili ya baridi, mapafu ya nyangumi kwa ajili ya kukosa hewa, ngozi ya dubu wa maji (kijinyama kidogo mno, si dubu halisi) kwa ajili ya mionzi. Michoro inapendeza, na watoto waliojaribu hawataki kuiacha.

Kinachonisumbua ni maelezo wanayotoa baada ya kucheza. Mtoto mmoja, alipoulizwa kwa nini dubu ana manyoya mazito, alijibu bila kusita kwamba dubu alisikia baridi akaamua kuyaotesha. Mwingine alisema kwamba ng'ombe akikaa mwezini muda wa kutosha atazoea kutopumua. Hakuna mahali tulipoandika hivyo, lakini ndivyo gemu inavyowafundisha kwa vitendo.

Naomba ushauri juu ya mambo mawili. Kwanza, je, tunaweza kubaki na utaratibu wa kununua uwezo bila kumjengea mtoto dhana kwamba mnyama hujibadilisha kwa kutaka? Pili, ni wanyama gani wenye uhusiano wa kweli na anga za juu wanaostahili kuwamo, maana sitaki kuwapa watoto hadithi za kubuni nikidai kwamba ni sayansi.

Mtunza_Maabara alijibu:

Ndugu, hongera kwa kazi, na hongera zaidi kwa kuwauliza watoto walichoelewa badala ya kuridhika na furaha yao. Kabla sijafika kwenye maswali yako, naomba nianze na duka lenu, kwa kuwa bidhaa zote tatu ulizozitaja zina kasoro.

Manyoya humkinga dubu kwa kunasa hewa karibu na ngozi, na mahali pasipo na hewa hayana cha kunasa. Tena, ombwe hilo, yaani mahali patupu pasipo na hewa, halichukui joto la mwili kama upepo au maji yanavyolichukua, kwa hiyo mwanaanga anayefanya kazi nje ya chombo husumbuliwa zaidi na namna ya kuliondoa joto lake mwenyewe. Ndiyo maana ndani ya vazi lake la anga huvaa nguo yenye mirija midogo inayopitisha maji ya kumpoza. Mapafu ya nyangumi nayo yangekuwa hatari tupu. Nyangumi huweka sehemu kubwa ya oksijeni yake katika damu na misuli, na pafu lililojaa hewa iliyozuiwa likiingia katika ombwe hutanuka hata likachanika. Ama dubu wa maji, kinga yake dhidi ya mionzi haimo katika ngozi: katika aina moja iitwayo Ramazzottius varieornatus, watafiti wa Japani walitangaza mwaka 2016 protini waliyoipa jina la Dsup, ambayo hujishikiza kwenye DNA, yaani kibeba urithi cha seli, na kuipunguzia madhara.

Sasa swali lako la kwanza. Sioni ubaya wa nyota wala wa duka. Ubaya ninaouona ni mahali gemu inapoanzia. Hakuna mnyama hata mmoja ambaye maumbile yake yalitokana na maisha ya anga za juu. Kila uwezo mtakaouuza ulipatikana duniani, kwa sababu ya shida za duniani, na kama unafaa huko juu ni kwa sadfa tu. Kwa hiyo mimi ningeanza na dimbwi linalokauka, roketi ije baadaye.

Dimbwi la namna hiyo lipo kweli. Katika maeneo makavu ya Afrika kuna mdudu wa jamii ya usubi wasiouma, Polypedilum vanderplanki, ambaye viluwiluwi wake huishi katika vidimbwi vya maji ya mvua juu ya miamba. Dimbwi likikauka, kiluwiluwi naye hukauka, mpaka maji yaliyobaki mwilini mwake yanakuwa takriban asilimia 3, na nafasi ya maji inachukuliwa na sukari iitwayo trehalosi, ambayo huganda kama kioo na kuzishikilia seli zisiharibike. Mvua ikirudi, huamka na kuendelea kula. Sharti ni kwamba ukavu uje taratibu, kwa muda wa siku mbili hivi. Akikaushwa ghafla, hufa. Viluwiluwi waliokaushwa hivyo wamewahi kuwekwa hata nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Mpe mchezaji dimbwi lenye viluwiluwi wengi wasiolingana, halafu mwachie jua na mvua, lakini asiweze kumgusa kiluwiluwi. Jua likiwaka, wanaotengeneza sukari kidogo hufa. Wanaotengeneza nyingi hunusurika, hukua, huruka na kutaga mayai, na watoto wao hurithi uwezo huo. Vizazi kadhaa vikipita, dimbwi zima limejaa wenye sukari nyingi, na hakuna hata mmoja wao aliyejibadilisha. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, hamhitaji kisanduku cha maelezo.

Fundi_Vitufe alijibu:

Dimbwi nimelipenda, lakini kwa uzoefu wangu wa kutengeneza gemu, mtoto wa miaka minane akinyimwa kumgusa mnyama kwa muda mrefu atafunga gemu na kwenda kucheza nyingine. Lifanyeni fupi, kisha mrudisheni dukani, ila kila bidhaa iwe na gharama inayolipwa kwa mwili wa mnyama mwenyewe.

Chukua hatua ya dubu wa maji. Wekeni kitufe cha kukauka ambacho lazima kishikiliwe polepole, maana naye, kama yule kiluwiluwi, hahimili kukaushwa ghafla. Mtoto akikishikilia sawasawa, mnyama anakunja miguu yake minane, anajikunyata akawa pipa dogo, na kuanzia hapo vitufe vyote vinakoma kufanya kazi. Hatembei, hali, hazai. Mtoto atabonyeza kila kitu kwa hasira, na hiyo hasira ndiyo somo lenyewe: amenusurika, lakini haishi maisha yoyote mpaka apate maji. Swali la mchezo linakuwa ni lini umkaushe na ni nani atakayemmwagia maji.

Mtunza_Maabara alijibu:

Nakubaliana na Fundi, na takwimu zinamuunga mkono. Mwezi Septemba 2007, chombo Foton-M3 kilibeba dubu wa maji waliokaushwa na kuwaweka wazi katika ombwe kwa siku 10. Waliokingwa dhidi ya jua waliamka vizuri, wakataga mayai. Waliopigwa na mionzi yote ya jua, ni wachache sana walionusurika. Na wakiwa wamelowa na wanatembea, ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya aina ile ile niliyoitaja ulionyesha kwamba joto la takriban nyuzi 37 za Selsiasi, wakikaa nalo saa 24, huua nusu yao. Yaani joto la mwili wa binadamu. Msimchore kama shujaa asiyekufa.

Mwalimu_Mstaafu alijibu:

Wanangu, mmezungumza vyema, lakini yule mtoto aliyetaja ng'ombe wa mwezini bado hajajibiwa. Amechanganya mambo mawili: mnyama mmoja kujirekebisha katika maisha yake, na kundi kubadilika kwa vizazi. Mkilitaja la pili peke yake, ataendelea kuchanganya, kwa kuwa la kwanza analiona kila siku.

Watumieni buibui wa Skylab. Mwaka 1973, kwa pendekezo la mwanafunzi wa sekondari aitwaye Judith Miles, buibui wawili, Arabella na Anita, walipelekwa katika kituo hicho cha anga cha Marekani. Utando wa kwanza wa Arabella ulikuwa ovyo ovyo, lakini baada ya muda mfupi alisuka utando wa kawaida bila kuwa na uzito. Huko ni kujirekebisha, na mayai yake yasingerithi ufundi huo. Mpeni mtoto buibui huyu mara tu baada ya dimbwi, kisha mwulizeni kama watoto wa buibui wataanza na utando mzuri au mbaya. Jibu lake litawaambia kama somo limeingia.

Mama_Wawili alijibu:

Mimi ni mzazi tu. Wanangu watauliza kama wanyama walipelekwa kweli, na nisingependa gemu iwadanganye. Mbwa Laika alirushwa tarehe 3 Novemba 1957 bila mpango wowote wa kumrudisha, naye alikufa kwa joto saa chache baadaye. Mbwa wengine, Belka na Strelka, walirudi hai Agosti 1960. Waambieni yote mawili kwa sentensi fupi, na wanyama wa gemu wanaposhindwa warudi kwenye chombo, wasifie mbele ya mtoto. Vifo vya dimbwini naviona ni sawa, kwa sababu bila hivyo somo halipo.

Mchora_Gemu alijibu:

Mwalimu, shikamoo, na nawashukuru nyote. Tutafungua na dimbwi fupi, kisha buibui, kisha duka lenye gharama. Manyoya na mapafu yanaondolewa leo hii. Limebaki tatizo moja: hatua ya kukosa uzito haina bidhaa ya kuuza. Kuna mnyama anayefaa?

Mtunza_Maabara alijibu:

Wapo wawili. Mwanaanga hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa inayobeba mwili kwa kila mwezi anaokaa huko, ilhali dubu hulala miezi kadhaa katika majira ya baridi na kuamka na mifupa imara. Hivyo dubu wenu anabaki dukani, ila auze usingizi wake, na gharama iwe mafuta ya mwilini anayoyatumia akiwa amelala.

Wa pili ni twiga. Ngozi ya miguu yake ni nene na imebana sana, nayo huzuia damu isijikusanye miguuni kwa shinikizo kubwa linalotokana na urefu wake. Msiiuze wakati wa kuelea, kwa kuwa huko damu hupanda kichwani na uso huvimba, na ngozi ya kubana miguu ingezidisha tatizo. Iuzeni katika hatua ya kurudi duniani, pale damu inaposhuka ghafla na mwanaanga akakaribia kuzirai anaposimama; wanaanga wenyewe siku hiyo huvaa suruali za kubana miguu kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto atakayeinunua mapema aachwe aone uso wa mnyama wake ukizidi kuvimba, kisha aruhusiwe kuirudisha dukani kwa nusu ya nyota zake.