MREJESHO: Kidato cha pili na somo la biashara

Wadau, shikamooni wakubwa zangu. Mwezi wa pili niliomba ushauri: wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wanakariri maana ya faida neno kwa neno, lakini ukiwapa hesabu ya genge wanakwama. Wengi mlisema niwape mtaji mdogo wauze kitu kweli. Nimefanya hivyo, kwa ruhusa ya mkuu wa shule.

Kundi la kwanza lilikaanga karanga. Kilo mbili kwa 8,000, wakafunga pakiti 60 za shilingi 200, zote zikaisha. Wakaja mbio: "Mwalimu, faida 4,000!" Nikafungua daftari lao. Chumvi na vifuko, jumla shilingi 1,000, havikuandikwa. Mkaa je? Binti mmoja akajibu, "Mkaa ni wa mama." Nikawauliza mama aliupata wapi. Kimya. Wakakadiria 1,500, wakaandika, wakatoa: faida 1,500. Yule binti aliitazama ile namba muda mrefu, kisha akasema mama yake anauza maandazi na hajawahi kuhesabu mkaa.

Jumatatu alirudi na hesabu za mama yake kwenye karatasi. Kwa kweli nilifurahi mno.

Kundi la ubuyu lilikopesha wenzao, mpaka leo wanadai. Sikuwalipia. Sasa wana daftari la madeni, kila mdaiwa anatia sahihi.

Aliyenishauri nianze na daftari la mapato na matumizi kabla ya mtaji, asante sana. Muhula ujao naongeza kundi la bustani ya mchicha.